Mstari mmoja, sura nne: uchambuzi wa umbo sanifu la mlinganyo

Mwalimu akiandika ubaoni y = ¾x − 2 na kuwataka wanafunzi waupange mlinganyo huo katika umbo sanifu, madaftari yatarudi na majibu ya kila namna. Mmoja ataandika 3x − 4y = 8. Wa pili, 3x − 4y − 8 = 0. Wa tatu, −3x + 4y = −8. Wa nne ataishia kwenye ¾x − y = 2 na kuweka kalamu chini. Chora milinganyo yote minne kwenye karatasi ya grafu, utapata mstari uleule mmoja unaopita kwenye nukta (0, −2) na (4, 1). Hata hivyo yupo atakayepewa alama zote na yupo atakayekatwa, na nani akatwe hutegemea kitabu kilicho mezani kwa msahihishaji.

Mkanganyiko huu umezidi kadiri wanafunzi wa Afrika Mashariki wanavyojifunza kwa video zilizotengenezwa Marekani huku wakijiandaa kwa mitihani iliyokulia katika desturi ya Uingereza. Video inasema umbo sanifu ni Ax + By = C. Kitabu cha shule kinapeleka kila kitu upande mmoja na kuacha sifuri. Mbaya zaidi, katika masomo yetu ya sekondari jina hilohilo la Kiingereza la umbo sanifu hutumika kwa jambo jingine kabisa, yaani kuandika 320,000 kama 3.2 × 10⁵. Mwanafunzi aliyetafuta msaada kwa jina hilo ana haki ya kuchanganyikiwa.

Je, lipo umbo moja lililo sahihi kuliko mengine? Na kama halipo, kwa nini watu wanakatana alama?

Tamaa ya kale

Hamu ya kuipa milinganyo sura moja ina zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili. Mnamo mwaka 820 hivi, Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichogawa milinganyo ya daraja la kwanza na la pili katika aina sita. Alihitaji sita kwa sababu hakufanya kazi na namba hasi. Mraba na mizizi vikiwa sawa na namba, hiyo ilikuwa aina moja. Mraba na namba vikiwa sawa na mizizi, hiyo ilikuwa nyingine, yenye njia yake na uthibitisho wake wa michoro. Ili kuufikisha mlinganyo wowote kwenye mojawapo ya aina hizo alitumia hatua mbili: al-jabr, yaani kukirudisha kilichopunguzwa kwa kukiongeza pande zote, na al-muqabala, yaani kuondoa kinacholingana pande zote. Mwanafunzi wa leo anayehamisha ¾x kwenda upande wa pili anarudia hatua hizohizo.

Faida aliyoitafuta al-Khwarizmi ni ileile tunayoitafuta sisi: njia chache za kukariri. Namba hasi zilipokubalika, na Descartes alipozoea kukusanya kila kitu upande mmoja na kuacha sifuri upande wa pili, kama anavyofanya katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637, aina zile sita zilimezwa na moja. Kitabu hichohicho, pamoja na kazi ya Fermat ya miaka hiyohiyo, ndicho kilichofunga ndoa kati ya mlinganyo na mstari uliochorwa.

Baada ya hapo kila nchi ilijitengenezea mazoea. Uingereza, na sisi tuliorithi mitaala yake, tunaandika y = mx + c. Marekani wanaandika y = mx + b, Italia y = mx + q, Sweden y = kx + m. Tofauti hizi za herufi hazimdhuru mtu. Tofauti ya mpangilio ndiyo yenye athari, na ndiyo inayostahili kupimwa.

Uhuru mmoja, njia nne za kuutumia

Kiini cha suala zima ni kimoja, na vitabu vingi hukipita mbio. Ukiuzidisha mlinganyo wote kwa namba yoyote isiyo sifuri, mstari haubadiliki. 3x − 4y = 8, 6x − 8y = 16 na 1.5x − 2y = 4 ni mstari mmoja. Kinyume chake pia ni kweli: milinganyo miwili ya aina hii ikiwa ni ya mstari mmoja, lazima mmoja uwe ni mwenzake uliozidishwa kwa namba fulani. Kwa hiyo kila mstari una maandishi yasiyo na idadi, na kusanifu ni kuchagua andiko moja kati ya hayo.

Tazama sasa jinsi maumbo yanayogombewa yanavyotofautiana. Ukigawa mlinganyo ili namba iliyo mbele ya y iwe 1, unapata y = mx + c. Ukigawa ili namba iliyosimama peke yake iwe 1, unapata x/p + y/q = 1, ambapo p na q ni mahali mstari unapokata mhimili wa x na wa y. Ukigawa kwa kipeuo cha pili cha a² + b², ambapo a na b ni namba zilizo mbele ya x na ya y, unapata umbo linalobeba jina la Otto Hesse, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19. Na ukifuta asili zote za sehemu, kisha ukagawa kwa Kigawo Kikubwa cha Shirika, unapata namba kamili ndogo kuliko zote, ambalo ndilo umbo sanifu la vitabu vya Marekani.

Yote manne yametumia uhuru uleule wa kuzidisha na kugawa, kila moja kwa shabaha yake. Na kwa kuwa hakuna anayegawa kwa sifuri, bei ya kila umbo inaonekana mara moja. Mstari wima x = 5 hauna y, kwa hiyo umbo la kwanza haliwezi kuuandika hata kidogo. Mstari unaopita (0, 0) una sifuri mahali pa namba iliyosimama peke yake, kwa hiyo umbo la pili linakwama. Umbo la Hesse halikwami kamwe, lakini linaleta vipeuo: x + 2y = 4 inageuka kuwa kitu chenye √5 kila mahali. Umbo la namba kamili nalo lina mpaka wake. Mlinganyo y = √2x + 1 hauwezi kuandikwa kwa namba kamili, kwani hata uuzidishe kwa nini, uwiano wa namba iliyo mbele ya x na ile iliyo mbele ya y utabaki √2 ukiacha alama, na √2 haiandikiki kama sehemu yenye kiasi na asili za namba kamili. Kitabu kikidai kwamba kila mstari unaingia katika umbo la namba kamili, kimekosea.

Wanaotetea y = mx + c

Hoja yao ni usomaji. Mteremko uko mbele ya x, mahali mstari unapokata mhimili wa y pako mwishoni, na mtu anaweza kuchora bila kupiga hesabu ya ziada. Mistari sambamba inajulikana kwa kutazama tu. Mtaala wa pamoja wa Marekani wa mwaka 2010 unaliweka umbo hili darasa la nane, kabla ya mengine, na sababu inaeleweka: linamwandaa mwanafunzi kufikiria y kama kitu kinachotegemea x. Katika takwimu, pale mtu anapotafuta mstari unaokaribiana zaidi na vipimo vyake, umbo hili ndilo linalofaa, kwa sababu kosa linalopimwa ni la y.

Udhaifu tumekwisha kuuona upande wa mstari wima. Upo mwingine wa kila siku: sehemu. Milinganyo miwili inayotakiwa kutatuliwa kwa pamoja, yenye ⅔ huku na 5/4 kule, inamlazimisha mtu kubeba asili hadi mwisho wa hesabu, na kila hatua ni nafasi mpya ya kukosea.

Zamani kidogo umbo hili lilisaidiwa pia na mashine. Kikokotoo cha grafu kama TI-83 kilidai y peke yake upande wa kushoto, basi kila mlinganyo ulilazimika kugeuzwa kabla ya kuchorwa. Programu kama GeoGebra na Desmos zinachora 3x − 4y = 8 kama ilivyo, kwa hiyo sababu hiyo imepungua nguvu.

Wanaotetea ax + by = c

Nguvu ya umbo hili inaonekana pale x na y zinapokuwa na hadhi sawa, wala hakuna anayemtegemea mwenzake. Chukua shilingi 6,000 za chai ya wageni, chapati moja shilingi 500 na andazi moja shilingi 200. Pesa yote ikitumika:

500x + 200y = 6,000

Mlinganyo huu haukuhitaji kusanifiwa; umezaliwa ukiwa katika umbo hilo. Kila namba ina maana yake: bei, bei, na pesa iliyo mfukoni. Weka y = 0, unapata chapati 12. Weka x = 0, unapata maandazi 30. Nukta mbili zinatosha kuchora mstari.

Gawa kwa 100, unapata 5x + 2y = 60, na sasa umbo linafunua jambo ambalo y = 30 − 2.5x inalificha. Idadi ya chapati na maandazi lazima iwe namba nzima. Kwa kuwa 2y na 60 zote ni shufwa, 5x nayo lazima iwe shufwa, basi x ni shufwa: chapati 0, 2, 4, 6, 8, 10 au 12. Njia za kumaliza pesa hiyo ni saba tu. Upande mwingine, y = 30 − 2.5x ndiyo inayosema waziwazi kwamba kila chapati unayoongeza inakunyang'anya maandazi mawili na nusu. Maswali mawili, maumbo mawili, mstari mmoja.

Umbo hili ndilo pia mlango wa kutatua milinganyo mingi kwa pamoja. Herufi zikiwa zimepangwa safu kwa safu na namba za peke yake zikiwa kulia, kuondoa herufi moja ni kazi ya kuzidisha na kutoa. Wachina wa kale walifanya hivyo kwa vijiti vilivyopangwa katika safu, kama inavyoonekana katika sura ya nane ya kitabu chao cha Sura Tisa, na kompyuta za leo zinapotatua milinganyo maelfu kwa mara moja hupewa data kwa mpangilio wa namna hiyo. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayeandika masharti kama 2x + 3y ≤ 12 ili kutafuta faida kubwa kabisa yuko kwenye njia hiyohiyo. George Dantzig alipobuni mbinu yake ya kutatua maswali hayo mwaka 1947, mpangilio wa namba kulia na herufi kushoto ndio uliobeba kazi.

Udhaifu? Mteremko umejificha. Lazima ukumbuke kwamba ni −a/b, na ile alama ya kutoa imewaangusha wengi.

Wanaotetea sifuri

Kwa mtazamo wa haraka, ax + by + c = 0 ni ndugu wa umbo lililotangulia aliyehamisha kitu kimoja tu. Ukitafuta mahali mstari unapokata mihimili, ni hasara tupu: jibu ni −c/a na −c/b, alama za kutoa zimeongezeka bure.

Thamani yake iko kwingine. Sifuri inapokuwa upande wa kulia, upande wa kushoto unageuka kuwa kipimo. Chukua 3x − 4y − 8 na uingize nukta yoyote. Nukta (0, 0) inatoa −8. Nukta (5, 0) inatoa 7. Alama zimetofautiana, kwa hiyo nukta hizo ziko pande mbili tofauti za mstari, na umelijua hilo bila kuchora chochote. Gawa 7 kwa 5, ambayo ni kipeuo cha pili cha 3² + 4², na umepata umbali wa nukta ya pili kutoka kwenye mstari: 1.4. Kanuni ya umbali inayofundishwa Kidato cha Tano na cha Sita ni hiyo, na bila sifuri haisomeki vizuri.

Kipimo hicho kinafanya kazi usiku na mchana ndani ya mashine. Mwaka 1988 Juan Pineda alieleza jinsi ya kupaka rangi pembetatu kwenye skrini kwa kuangalia alama tu: nukta iliyo ndani ya pembetatu hupata alama ileile kwa kingo zote tatu, iliyo nje haipati. Michezo ya kompyuta na ramani za simu zimejaa pembetatu zinazochorwa kwa wazo hilo. Aidha, duara na mikunjo mingine ya daraja la pili huandikwa ikiwa sawa na sifuri, kwa hiyo mwanafunzi anayeendelea na hisabati anakutana na familia moja.

Masharti ya usafi

Sasa tufike kwenye masharti yanayozua ugomvi mwingi: namba ziwe kamili, zisiwe na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, na namba iliyo mbele ya x iwe chanya.

Masharti haya yana sababu, na sababu ni upekee. Mwanafunzi akipewa 6x − 4y = 10 na −3x + 2y = −5 atafute zinapokutana, ataishia kwenye 0 = 0 na kudhani amekosea mahali. Akizisafisha kwanza, zote zinakuwa 3x − 2y = 5, na fumbo limekwisha: ni mstari mmoja. Kila mstari usio wa mlalo unaoandikika kwa namba kamili una andiko moja tu linalotimiza masharti yote. Msahihishaji mwenye karatasi mia mbili analipenda hilo, na kompyuta inayosahihisha kwa kulinganisha herufi kwa herufi inalihitaji.

Lakini masharti hayalingani uzito. La namba kamili lina hisabati ndani yake, kama chapati na maandazi zilivyoonyesha. Tazama pia 8x + 12y = 15: namba 8 na 12 zote zinagawanyika kwa 4 na 15 haigawanyiki, basi mstari huo haupiti kwenye nukta hata moja yenye x na y za namba kamili. Ukiuacha kama y = −⅔x + 5/4 si rahisi kuliona hilo. Sharti la alama chanya ni makubaliano matupu. Wangeweza kuamua iwe hasi na dunia ingeendelea. Tena halijakamilika, kwa sababu mstari wa mlalo kama −2y = 6 hauna x kabisa, na vitabu vingi havisemi hapo ni namba ipi inayopaswa kuwa chanya. Jibu la busara ni kuhamishia sharti kwa y na kuandika y = −3.

Sharti la kigawo cha pamoja linaweza hata kudhuru. 5x + 2y = 60 ni safi kuliko 500x + 200y = 6,000, lakini hakuna mahali chapati inauzwa shilingi tano. Anayesafisha mlinganyo wa bei kabla ya kumaliza swali amefuta maana ya namba zake, na akiulizwa bei mwishoni atakuwa na kazi ya kukumbuka aligawa kwa ngapi. Katika maswali ya maisha, kusafisha kuje mwisho, au kusije kabisa.

Mahali wanafunzi wanapoangukia

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kuzidisha baadhi ya vipande na kusahau vingine: y = ¾x − 2 inageuzwa kuwa 4y = 3x − 2, wakati −2 nayo ilipaswa kuwa −8. La pili ni alama wakati wa kuhamisha, hasa pale mlinganyo wote unapozidishwa kwa −1 na kipande kimoja kikabaki na alama yake ya zamani.

Mlolongo salama ni kufuta asili kwanza, kuhamisha baadaye, na kugusa alama mwisho. Kwa desimali ni vivyo hivyo: y = 0.35x + 1.2 izidishwe kwa 100, inakuwa 100y = 35x + 120; hamisha, 35x − 100y = −120; gawa kwa 5, 7x − 20y = −24. Kisha jaribu nukta mbili za mlinganyo wa awali kwenye jibu. Ukiweka x = 0, mlinganyo wa awali unatoa y = 1.2, na −20 × 1.2 ni −24. Ukiweka x = 4, y ni 2.6, na 28 − 52 ni −24. Nukta mbili zikikubali, mstari ni uleule, kwa sababu nukta mbili hazipitiwi na mistari miwili iliyonyooka. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika moja, tena unakamata makosa yote mawili, nasi tunaufundisha kidogo mno.

Kupima uzito

Madai kwamba umbo moja ni la kweli na mengine ni vivuli vyake hayasimami. Kinachobaki ni swali la lipi lifae kazi ipi, na hapo mizani haiko sawa. Kwa kuanza kuchora na kuelewa mabadiliko, y = mx + c haina mpinzani. Kwa bajeti, masharti na milinganyo ya pamoja, ax + by = c inashinda kwa mbali. Sifuri inastahili kusubiri hadi umbali, pande za mstari na duara viingie; kumpa mtoto wa Kidato cha Kwanza ax + by + c = 0 bila kazi ya kuifanyia ni kumpa alama za kutoa za bure. Umbo la x/p + y/q = 1 ni zuri kwa anayelijua, lakini linakwama kwenye mistari ya kawaida mno kiasi kwamba halifai kuitwa sanifu.

Kuhusu alama za mtihani, maswali mengi ya Kenya yamekwisha kuonyesha njia kwa kutaja umbo lenyewe, kwa mfano ax + by = c, na kuongeza kwamba a, b na c ni namba kamili. Swali la namna hiyo linamfunga msahihishaji na mtahiniwa kwa pamoja. Pale swali linaposema tu "andika mlinganyo wa mstari", jibu lolote linalochora mstari ule linastahili alama zote, likiwa na sehemu au bila sehemu, likiwa na alama hasi mbele ya x au bila. Anayetaka alama chanya aiandike kwenye swali; maneno "a > 0" hayajazi hata robo ya mstari wa karatasi ya mtihani.